Begi la Raketi Lenye Bitana ya Kuzuia Joto: Kaskazi Moja Ndani ya Buti la Gari

Begi ninalolitolea maoni hapa ni la raketi sita. Lina vyumba viwili virefu na mfuko wa viatu pembeni, na kimoja kati ya vyumba hivyo kimeshonewa bitana inayong'aa kama sufuria mpya, ambayo lebo inadai kuwa hulinda raketi na nyuzi zake dhidi ya joto kali na baridi kali. Nililinunua mwishoni mwa Novemba katika duka la vifaa vya michezo hapa Dar es Salaam, kwa shilingi 260,000 baada ya kuvutana na muuzaji kutoka 290,000, nikalitumia kaskazi nzima hadi masika yalipoingia. Jina la kampuni iliyolitengeneza nimeliacha makusudi. Mabegi ya namna hii hutengenezwa na kampuni nyingi za tenisi, kila moja ikiwa na jina lake la kuipamba bitana hiyo, na ninachotaka kupima ni bitana yenyewe na kazi inayodaiwa kufanya, si nembo iliyochapwa ubavuni.

Kwanza nieleze mazingira, maana huwezi kukisifu wala kukilaumu kitu cha kuzuia joto bila kusema ni joto gani kilipambana nalo. Ninaishi Tegeta na ninafanya kazi mjini, karibu na Posta. Ili niikwepe foleni ya Barabara ya Bagamoyo hutoka nyumbani kabla ya saa 12 asubuhi, nikaegesha gari katika uwanja wa wazi ambao una mwarobaini mmoja tu, na kivuli cha mwarobaini huo kina wenyewe. Jumanne na Alhamisi hucheza kuanzia saa 11 na nusu jioni, kwa hiyo raketi hukaa ndani ya gari zaidi ya saa kumi kabla ya kuguswa. Jumamosi hucheza asubuhi katika uwanja usio na kibanda, ambako begi hukaa juu ya benchi la saruji, juani, kwa muda wa saa mbili au tatu. Kaskazi yetu haitishi ukiisoma kwenye utabiri wa hali ya hewa, kwa kuwa mchana haizidi sana nyuzi 32 au 33, lakini hewa yake ni nzito kwa unyevu wa bahari, na kufikia mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, hivyo kwamba hata ukuta mrefu hauachi kivuli cha kuegeshea baiskeli.

Kabla ya begi hili nilikuwa nikitumia la kitambaa cha kawaida, lisilo na bitana yoyote. Nyuzi zangu zilikuwa zikilegea ndani ya wiki mbili, na kwa muda mrefu nilimlaumu kimoyomoyo fundi anayenifungia, mpaka siku aliponionyesha mwenyewe. Alizikandamiza kwa kiganja pale katikati, zikabonyea kama kamba za kitanda cha zamani, kisha akaushika utepe wa mpini kwa vidole viwili nao ukazunguka wenyewe, kwa kuwa gundi iliyo chini yake ilikuwa imelainika na kutiririka hadi kitakoni, ikabaki pale nzito na nyeusi kama utomvu wa fenesi ulioshika vumbi. "Kaka, hizi raketi unazihifadhi au unazipika?" akaniuliza. Nikamweleza habari za gari na uwanja usio na miti, naye ndiye aliyenitajia kwa mara ya kwanza kwamba yapo mabegi yenye bitana.

Ni vizuri kujua ni nini hasa kinachoharibika, kwa sababu wauzaji hupenda kumtisha mnunuzi kwa mambo yasiyotokea. Fremu ya raketi ya siku hizi ni nyuzinyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya epoksi, aina ya gundi inayokauka ikawa ngumu, na epoksi hiyo huokwa kiwandani katika joto linalozidi nyuzi 100, kwa hiyo anayesimulia kwamba raketi yake iliyeyuka ndani ya gari anatia chumvi. Hata hivyo watengenezaji wengi huonya kwamba raketi isiachwe ndani ya gari lenye joto, na onyo hilo si la bure, kwa kuwa fremu haipumziki: yenye nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo, kila uzi ukiwa umevutwa kwa kilo 24 hivi, hubanwa usiku na mchana hata ikiwa imetundikwa ukutani, na kitu kinachobanwa hivyo hustahimili vizuri zaidi kikiwa baridi kuliko kikiwa moto. Vijipete vya plastiki ambamo nyuzi hupita hukauka na kupasuka kwa miaka. Gundi ya mpini huachia kwa miezi. Zinazoumia mapema kuliko vyote ni nyuzi, na hapo ndipo hesabu ya fedha ilipo.

Nyuzi nyingi za bei ya wastani ni za nailoni. Nailoni ikiwa kavu huanza kulainika katika joto la karibu nyuzi 50, na ikiwa imekwisha kunywa unyevu wa hewa hulainika mapema zaidi, jambo ambalo mtu wa Arusha anaweza kulipuuza lakini mtu wa pwani hawezi. Poliesta huvumilia hadi karibu nyuzi 70 na hainyonyi maji kwa kiasi cha kutajika, ila ni aina inayopoteza mkazo upesi hata ikilazwa katika chumba chenye kiyoyozi. Nyuzi za utumbo, ambazo Babolat wa Lyon, Ufaransa, walianza kuwatengenezea wachezaji wa tenisi mwaka 1875 na ambazo siku hizi hutokana na ng'ombe, hushika mkazo kuliko nyingine zote, lakini haziachi asili yake ya mnyama: zikinywa unyevu huvimba, zikafumuka, zikakatika. Kiswahili kimetupa neno moja la kupimia joto na la kutajia kinachofungwa kwenye raketi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani neno hilo hufanya kazi zake mbili kwa pamoja, maana nyuzi hizi zikipanda, zile hulegea.

Kuhusu gari lenyewe, vipimo vinavyotajwa mara kwa mara ni vya watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliovichapisha mwaka 2018. Katika siku zenye joto la nyuzi 38 na zaidi, gari lililokaa juani kwa saa moja lilikuwa na hewa ya wastani wa nyuzi 47 ndani, na dashibodi yake ilifikia 69. Lililokaa kivulini kwa muda huohuo lilikuwa na hewa ya nyuzi 38 na dashibodi ya 48. Dar es Salaam si Arizona, lakini tofauti kati ya dashibodi na hewa ni funzo linalotuhusu: kinachopigwa na jua kupitia kioo hupata joto kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana raketi iliyolazwa kwenye kiti cha nyuma huteseka kuliko iliyofunikwa ndani ya buti, na ndiyo maana pia mimi mwenye Toyota IST nina shida ambayo mwenye gari la buti lililofungwa hana, kwa kuwa buti la IST ni chumba kilekile cha abiria, lina kioo kikubwa nyuma, na kifuniko chake chembamba ndicho kizuizi pekee kati ya raketi na jua la saa 8.

Sasa nirudi kwenye begi. Nilipolifikisha nyumbani nililifungua, nikaigeuza bitana kwa mkono kama mtu anayekagua mfuko wa suruali kabla ya kuifua. Sehemu inayong'aa ni utando mwembamba uliobandikwa juu ya sponji yenye unene wa milimita 3 hivi. Utando hurudisha joto la mnururisho, yaani lile linalosafiri kama mwanga bila kugusa, na sponji, kwa hewa iliyonaswa ndani yake, hulichelewesha lile linalopenya kwa kugusana. Wazo ni zuri na mshono wake ni wa kuaminika. Lakini nilipopapasa chini, mahali ambapo begi hulalia sakafu ya buti, sikukuta sponji. Pana utando tu juu ya kitambaa kigumu. Zipu nayo ina urefu wa zaidi ya nusu mita na haina ulimi wa kuifunika, hivyo ukiielekeza kwenye taa utaona vitundu vya mwanga kati ya meno. Mtu aliyelipa shilingi 260,000 ana haki ya kuuliza kwa nini chumba kinachodaiwa kuzuia joto kimeachwa bila godoro mahali kinapogusa bati la gari.

Ili nisitegemee hisia, nilinunua vipimajoto viwili vidogo vyenye waya, vile vinavyowekwa kwenye friji za maduka, nikaingiza ncha ya kimoja ndani ya chumba chenye bitana, katikati ya raketi, na cha pili nikakiacha wazi ndani ya buti. Skrini zao nilizielekeza kwenye kioo cha nyuma ili nisome bila kufungua chochote. Nikawa nashuka kutoka ofisini kila baada ya saa mbili, nainama kwenye kioo, naandika kwenye karatasi, napanda tena. Siku ya pili mlinzi wa uwanja alikuja polepole na kuuliza, "Mzee, kuna mtu umemfungia humo?" Hali iliyojirudia kwa siku tano za Februari nilizopima ilikuwa hivi. Saa 4 asubuhi buti lilikuwa na nyuzi 37 na chumba chenye bitana 32. Saa 6 mchana buti lilipanda hadi 45, chumba kikafikia 38, nami nikaanza kuamini kwamba fedha yangu haikupotea. Saa 8 buti lilikuwa 48 na chumba 45. Saa 10 jioni jua likiwa limeanza kulegea, buti lilishuka hadi 45, lakini chumba kilikuwa 46. Na saa 11 na nusu, nilipofungua ili niende kucheza, buti lilikuwa na nyuzi 39 na raketi zangu, ndani ya bitana yake, zilikuwa bado zimekaa katika nyuzi 43.

Nambari hizo si za maabara, na gari jeupe au lenye vioo vya giza litatoa nyingine, lakini mwenendo wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kubeba chai kwenye chupa. Bitana haina baridi ya kutoa. Inachoweza ni kuchelewesha tu, na haichagui inachelewesha upande gani: asubuhi huchelewesha joto kuingia, jioni huchelewesha joto lilelile kutoka. Kwa mtu anayetoka nyumbani saa 3, akacheza, akarudi saa 6, ucheleweshaji wa saa mbili ni ulinzi kamili, kwa kuwa raketi hurudi nyumbani kabla joto halijazifikia. Kwa mimi ninayeliacha gari kuanzia alfajiri hadi jioni, bitana inanisaidia wakati wa asubuhi ambao haukuwa na hatari kubwa na kuniumiza wakati wa jioni ambao raketi zingekuwa zimeanza kupoa zenyewe. Hili halijaandikwa kwenye lebo, wala muuzaji hakulitaja, na sidhani kama alilijua.

Nilitaka pia kuona athari yake kwenye nyuzi. Fundi alinifungia raketi mbili zinazofanana kwa nailoni ya aina moja, siku moja, kwa kilo 24. Moja ilikaa ndani ya bitana katika buti kwa wiki mbili, nyingine ilikaa nyuma ya kabati la mafaili ofisini, na zote mbili sikuzichezea. Kuna programu ya simu inayosikiliza mlio wa nyuzi zinapogongwa na kukadiria mkazo wake, nami niliitumia mara tatu kwa kila raketi ili kupunguza makosa. Ya ofisini ilisoma karibu kilo 21 na nusu, ya kwenye buti karibu kilo 20. Kupungua kwa ile ya ofisini ni jambo la kawaida, kwa kuwa nyuzi mpya hulegea zenyewe katika siku za mwanzo. Kile cha ziada, kilo moja na nusu, ndicho kilichochukuliwa na gari licha ya bitana. Anayepiga mpira mara moja kwa mwezi huenda asikisikie. Anayecheza kila wiki atashangaa kwa nini mipira yake inapita mstari wa nyuma kwa futi moja, na atajilaumu kwa kosa ambalo si la mkono wake.

Lakini begi hili lina mahali pake, na mahali hapo ni kwenye benchi la Jumamosi. Begi jeusi juu ya saruji, jua la saa 4, bila mti wala turubai: katika chumba kisicho na bitana nilisoma nyuzi 44 baada ya saa moja na nusu, na katika chenye bitana 35. Tofauti hiyo ni kubwa, na inatokea kwa sababu hapa adui ni jua lenyewe linalopiga kitambaa, si hewa ya moto iliyofungiwa pande zote kama ndani ya gari, na muda wenyewe ni mfupi kiasi kwamba ucheleweshaji unatosha. Raketi ya pili niliyoitoa katikati ya mchezo ilikuwa na mpini mkavu na wa vuguvugu, wakati ya mwenzangu aliyeegemeza lake kwenye wavu ilikuwa haishikiki. Wachezaji wa kulipwa wanaoshindana Melbourne, Australia, mwezi Januari, ambako kuna siku hewa huzidi nyuzi 40, wana njia yao: nyuzi hufungwa upya kwa ajili ya mechi, na wengi wao hubadilisha raketi kila mipira mipya inapoletwa, yaani baada ya michezo saba ya kwanza na kisha kila baada ya michezo tisa. Sisi tunaofunga nyuzi mara moja kwa miezi miwili hatuwezi kuiga hayo, na kwa matumizi hayo ya uwanjani ningelinunua begi hili tena bila kusita.

Lalamiko langu kubwa halihusu joto kabisa. Wiki ya pili ya Januari nilirudi uwanjani nimechoka, nikatupa fulana mbichi na taulo katika chumba kisicho na bitana, nikaweka raketi katika chumba cha pili, nikafunga zipu zote na kulisahau begi kwenye kona ya chumba kwa siku nne. Nilipolifungua nilipokewa na harufu ya kanga zilizokunjwa kabla ya kukauka. Ukuta unaotenganisha vyumba ni kitambaa tu, kwa hiyo unyevu ulipita, na ulipoingia kwenye chumba chenye bitana haukuwa na pa kutokea, maana utando unaong'aa hauvuji hewa na hakuna hata tundu moja la kupumulia. Mipini miwili ilikuwa imeota ukungu wa kijivu, laini kama vumbi la unga, na kwenye utando palikuwa na matone madogo kama yale ya ndani ya kifuniko cha chungu. Mfuko wa viatu umewekewa vitundu vya hewa vyenye wavu. Chumba cha raketi hakikuwekewa. Aliyelibuni begi hili alifikiria harufu ya miguu akasahau mvuke, na huenda kwa nchi za hewa kavu hajakosea sana, lakini kwa Tanga, Mombasa, Unguja na huku kwetu ni kosa la msingi.

Wazee waliocheza na raketi za mbao walilijua tatizo hili kabla yetu. Mbao ikinywa unyevu hupinda, na raketi iliyopinda haina tiba, kwa hiyo kila mwenye raketi alikuwa na kibano chake: fremu mbili za mbao zenye skrubu nne za kukaza kwa vidole, moja kila pembe, ambazo zilikibana kichwa cha raketi kikabaki bapa mpaka siku ya kucheza. Hata mwaka 1983 Yannick Noah, Mfaransa aliyekulia Kamerun, alilitwaa taji la Ufaransa akiwa na raketi ya mbao. Kaboni ilipoingia vibano vikatupwa stoo, na pamoja navyo likatupwa lile zoea la kujiuliza kila jioni kama raketi imelala mahali pakavu. Kaboni haipindi kwa unyevu, ni kweli, lakini nyuzi, utepe na gundi havikubadilika kiasi hicho.

Baada ya ule ukungu nilibadili matumizi. Begi haliingii chumbani likiwa limefungwa. Linapofika nyumbani zipu zote hufunguliwa na mdomo wake huachwa wazi mbele ya feni kwa usiku mmoja. Vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu navikusanya na kuviweka ndani ya bitana, vinne au vitano, na huvianika juani kila baada ya wiki mbili. Raketi zenyewe hazilali ndani ya begi. Nimezipigia misumari miwili ya mbao kwenye ukuta wa korido, ukuta wa ndani usiopigwa na jua la magharibi, kwa urefu wa kifua. Nilijaribu juu ya kabati nikaacha, kwa sababu nyumba ya bati hukusanya joto juu, na ukinyoosha mkono karibu na dari saa 9 mchana utaelewa mwenyewe. Uvunguni nako si pazuri wakati wa masika, sakafu ikiwa na ubaridi wa maji.

Kuna jaribio moja la mwisho ambalo muuzaji hatalipenda. Kwenye foleni ya Mwenge wamachinga huuza zile kinga za kioo cha gari zinazokunjwa, zenye mng'ao uleule wa fedha na viputo vya hewa katikati. Nilinunua moja kwa shilingi 12,000, nikalifunga begi langu la zamani kama mtu anavyofunga samaki kwa jani la mgomba, nikaliweka katika buti kwa siku mbili za wiki ileile. Saa 6 mchana lilikuwa na nyuzi 39, moja tu zaidi ya begi jipya. Saa 8 yote mawili yalikuwa sawa. Na kwa kuwa kinga ile inafunguka, jioni nililifungua begi dakika ishirini kabla ya mchezo, nikateremsha vioo, na raketi zikapoa.

Mambo mengine ya begi ni ya kawaida. Mikanda ya mabegani ni minene na haikati bega, hata begi likiwa na raketi tatu, viatu na makopo mawili ya mipira. Vishikio vya zipu vilianza kuota kutu mwezi wa tatu, jambo ambalo kwa mji wa bahari halinishangazi, na mafuta ya nazi kidogo yanavifanya viteleze. Kwa anayetumia bodaboda ni kubwa mno. Litamsukuma dereva mgongoni kila mkifunga breki. Kwenye bajaji linakaa vizuri likisimamishwa wima. Rangi nyeusi ndiyo pekee iliyokuwapo dukani, na kwa kitu cha kuzuia joto nadhani hilo linatosha kueleza ni wapi walipoishia kufikiri.

Kwa mchezaji anayekwenda uwanjani na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, na ambaye uwanja wake hauna kivuli, begi hili linastahili bei yake, hasa akilipata chini ya shilingi 250,000. Kwa anayetafuta mahali pa kuhifadhia raketi ndani ya gari mchana kutwa, asilinunue kwa sababu hiyo, na kwa mwenye nyuzi za utumbo ningesema kabisa asizilaze humo usiku hata mmoja wakati wa mvua.

Mimi nimelibakiza. Linakaa katika buti na viatu, mipira na kamba ya kurukia, na Jumamosi linarudi kwenye kazi yake ya benchini. Siku za Jumanne na Alhamisi raketi mbili hupanda nami lifti hadi ghorofa ya tatu, zikasimama nyuma ya kabati la mafaili mahali ambapo kiyoyozi hakizipulizii moja kwa moja, na wenzangu wa ofisini wameshazoea. Wiki iliyopita nilizipeleka kwa fundi nikidhani muda umefika. Alizikandamiza kwa kiganja, moja baada ya nyingine, akazigonga kwa kucha na kuzisikiliza. "Hizi bado," akasema, akanirudishia bila kunitoza kitu.